Spana ya Injinia

Wahariri, swali lenu la wiki hii, "Mzazi wako amekuachia nini ambacho hakimo kwenye orodha ya mirathi?", nimelisoma nikiwa kwenye bajaji, narudi Shangani, hapa Mtwara, kutoka sokoni, nikacheka peke yangu mpaka dereva akageuka. Maana changu mimi kiliwahi kuingia kwenye orodha hiyo, kisha kikakatwa kwa kalamu.

Ilikuwa hivi. Arobaini ya baba ilipopita, ukoo ulikaa kumteua msimamizi wa mirathi ili muhtasari upelekwe Mahakama ya Mwanzo. Kaka anataja, mjomba anaandika: nyumba, shamba la mikorosho Tandahimba, pikipiki isiyowaka, redio, vitanda vitatu. Kaka akafika kwenye sanduku la varandani. "Spana moja kubwa, kuukuu." Mjomba akaandika, akainua miwani, akaikata. "Hii siyo mali. Nani anaitaka?" Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, na umri wangu huu.

Baba alizaliwa mwaka wa kimbunga. Wazee wa huku wakikwambia hivyo, hesabu 1952, mwezi wa Aprili, upepo ulipoipiga Lindi. Bibi hakuwahi kuitaja tarehe ya kumzaa. Alichosema ni kwamba alijifungua kabla nyumba haijaezekwa upya, na kwa hiyo mtoto alikuwa anaangalia mawingu tangu siku ya kwanza. Miaka ishirini na kitu baadaye mtoto huyo akawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye kitivo cha uhandisi kilichofunguliwa 1973, katika madarasa ya mwanzo mwanzo kabisa. Akatoka 1977, akapangiwa maji, akaletwa nyumbani kusini.

Wakati huo serikali ilikuwa imeshatoa ahadi, tangu 1971, kwamba itakapofika 1991 kila mwanakijiji atapata maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake. Wafini, watu wa Finland, walikuwa wanafadhili mradi mkubwa wa maji wa Mtwara na Lindi, visima vinachimbwa, pampu za mkono za Nira zinafungwa kijiji baada ya kijiji. Baba alikuwa kijana mwenye Land Rover na mita 400 kichwani. Alizihesabu kwa miguu, kutoka kisimani mpaka mlango wa nyumba ya mwisho. Kuna vijiji ninavyovijua mimi ambavyo mita hizo hazijafika mpaka leo, na ukitaka kumharibia baba chakula cha mchana ungemtajia hivyo.

Mama yangu ni wa Newala. Asiyeijua Newala aelewe kwamba mji huo uko juu kabisa ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini yako, maji yanameta, na wewe huna hata ya kunawa. Mvua inanyesha, lakini udongo wa juu ni mchanga, unaimeza yote. Maji yanakwenda kutokeza huko chini kwenye mabonde. Mama katika usichana wake aliamka usiku na wenzake, wakateremka na mitungi, wakapanda nayo alfajiri. Maji ya mabomba yalishaletwa uwandani tangu miaka ya 1950, lakini mitambo ikizimika, na ilizimika sana, njia ilikuwa ile ile ya bondeni.

Baba ndiye aliyenieleza kwa nini inazimika. Nilikuwa darasa la tano. Akachukua chupa ya chai na mrija wa baiskeli, akasema: "Kila mita kumi unazopandisha maji, pampu inadai baa moja ya presha. Ukipandisha mita 300, hiyo ni baa 30, na bado hujalipa msuguano wa bomba. Sasa umeme ukikatika ghafla, maji yaliyokuwa yanapanda yanasimama, halafu yanageuza. Yanarudi kwa uzito wote huo. Yakikuta valvu imejifunga kwa pupa, yanaigonga kama nyundo." Akapiga ngumi mezani, chai ikamwagika, mama akasema shika kitambaa ufute na hiyo nyundo yako.

Ndiyo maana nyumbani kwetu umeme ukikatika watoto tulitafuta mshumaa, baba alitafuta viatu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mamlaka za maji za miji zilipoanza kujiendesha zenyewe, akapewa kuongoza moja huku kusini. Nisiitaje, waliopo wanamjua. Akapata feni, sekretari, kiti kinachozunguka. Watu wakaacha kumwita kwa jina, akawa "Injinia" hata kwa mashemeji zake. Waliofanya naye kazi walivyokuja msibani, karibu kila mmoja alikuwa na kisa kimoja tu, na kisa chenyewe ni kile kile: alipeleka ripoti mezani kwa Injinia, imeandikwa vizuri, hali ni ya kuridhisha, mafundi wako kazini. Injinia akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akauliza, "Umeenda kuona?" Hakufoka. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Mzee mmoja aliyekuwa mhudumu wa pampu alituambia pale kwenye mkeka kwamba katika miaka yake yote ya kazi ni bosi mmoja tu aliyewahi kumkuta zamu ya saa nane usiku, na alikuja na chapati.

Nyumbani ilikuwa swali hilo hilo. Kaka akisema mwalimu ananionea: umeenda kuona daftari lake la maksi? Mimi nikisema watu wanasema gati, lile bomba la umma, la mtaa wa pili halitoi maji: umeenda kuona? Nilikwenda, jua la saa saba, nikarudi kumwambia linatoa, ila koki imelegea na maji yote yanaingia kwenye mgomba wa mwenye nyumba ya pembeni. Akavaa viatu.

Hapa niseme jambo ambalo msomaji wa bara huenda asilijue. Kwetu, kwa Wamwera na Wamakonde, mtoto ni wa upande wa mama. Mwenye neno juu yako ni mjomba. Baba anakulisha, anakupenda, na mambo makubwa anawaachia shemeji zake. Baba angeweza kabisa kukaa kwenye kiti chake cha kuzunguka na asilaumiwe na mtu. Yeye alikuja kila kikao cha wazazi, pale shuleni wakiwa akina mama watupu na yeye, shati la kaunda suti, kalamu mbili mfukoni. Wajomba zangu walimtania kwamba anawachukulia kazi.

Kazi moja waliifanya wao. Siku kaka anatoka jandoni, ngoma zimeshaanza, nguo mpya zimepigwa pasi, baba hakuwepo. Beringi ya pampu ilikuwa imekufa na ya akiba haikuwepo ghalani, akaifuata Dar es Salaam. Huo ni wakati Daraja la Mkapa halijajengwa (lilifunguliwa 2003), Rufiji unavuka kwa kivuko, na mvua ikikaa vibaya basi linalala njiani siku tatu. Mjomba ndiye aliyesimama. Baba alifika kesho yake jioni, vumbi mpaka kwenye kope, beringi ameipakata kwenye shuka kama mtoto mchanga. Akampa kaka saa ya mkononi. Kaka aliivaa, na amekuwa baba mwema, lakini mpaka leo mkitaja siku ile anainuka kwenda kutazama kitu nje. Sitaki kumfanya baba malaika. Kulikuwa na watu elfu kadhaa wasio na maji na mtoto mmoja anayetoka jandoni, akachagua, na sina hakika ningechagua vingine, lakini mimi siyo kaka.

Spana sasa. Usiku, matumizi ya mjini yakishapungua, baba alikuwa anatoka kusikiliza mabomba. Mchana huwezi, kila bomba linanguruma. Saa saba za usiku watu wamelala, maji yanayotembea ni yale yanayovuja tu. Alinichukua mara nyingi likizo zikiwepo; mama hakupenda, na mimi sikujua kwamba watoto wengine hawafanyi hivyo. Anafunua mfuniko wa chemba, mende wanatawanyika, tochi ameiuma kwa meno. Anashusha ile spana mpaka ncha yake ikae juu ya valvu, halafu anainama, anaweka sikio kwenye mkia wa spana na kuziba la pili kwa kidole. Anabaki hivyo. Mbwa wanabweka, pikipiki inapita, yeye kainama tu kama anayesujudu.

Siku ya kwanza aliponipa zamu sikusikia kitu zaidi ya baridi ya chuma. "Usisikilize kwa haraka," akasema. Ndipo nikaisikia, mbali, nyembamba, kama chapati inapotua kwenye chuma cha moto. Ssss, isiyokatika. Tukaenda chemba inayofuata, ikazidi. Iliyofuata, ikapungua. Akarudi katikati ya hizo mbili, akachora alama ya iksi barabarani kwa chaki. Asubuhi mafundi wakachimba palepale.

Kulikuwa na mkubwa mmoja aliyetaka bomba la nyumba yake litolewe moja kwa moja kwenye njia kuu, bila dira ya kupimia maji. Baba akakataa. Akahamishwa kwa barua ya mistari minne. Akarudi baada ya miaka miwili, nasi hatukuambiwa ilikuwaje.

Lakini kuna upande wa mama, na huu ndio hausemwi misibani. Mtaa wetu ulikuwa wa saba kwenye orodha ya kuvutiwa maji, na mkurugenzi, yaani baba mwenyewe, akagoma kuusogeza hata nafasi moja. Miaka miwili mke wa Injinia alibeba ndoo kutoka gatini, foleni na wenzake, wanamcheka. "Nimebeba maji Newala nikiwa mwali," alikuwa anasema, "nikaolewa na mwenye maji, nikaendelea kubeba." Baba alijibu orodha ni orodha. Watu wanakisimulia kisa hicho kwa sifa. Mama akikisikia anakwenda jikoni.

Alistaafu 2012. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, alikuwa na miaka 72 na mguu mmoja umevimba. Akataka apelekwe akaone madaraja yalivyokwenda. Tukamwambia habari zipo kwenye simu, na picha pia. Akazitazama picha, akaniangalia, akarudisha simu bila neno. Hatukumpeleka. Novemba hiyo akafariki, msimu wa korosho uko katikati, na waliokuja kuzika wengine walitoka moja kwa moja maghalani, mikono bado inanuka magunia.

Juzi ankara ya maji imekuja kubwa kuliko kawaida, mara ya pili mfululizo. Usiku nikatoa spana sandukuni, nikaipangusa, nikatoka uani. Nikaiweka kwenye bomba, hatua mbili kutoka kwenye dira, nikainama. Kwanza baridi ya chuma. Nikangoja. Halafu ikaja, ssss, ile ile.

Nikageuka, mama kasimama mlangoni.

"Mama, linavuja."

"Linavuja tangu baba yako hajaanza kuumwa. Dira inazunguka usiku watu wamelala. Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Umeenda kuona?'" Mama akajitanda khanga vizuri. "Nikamwambia nimeona. Akasema kesho."