Likizo Imekwisha, Uchovu Haujaondoka

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni mhasibu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu, na mwaka jana daktari alithibitisha kuwa nina usonji (autism), ile hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri jinsi mtu anavyowasiliana na anavyopokea sauti na mwanga. Kwa miezi kadhaa sasa ninakosea hesabu nilizozizoea, kelele za mtaa wetu wa Kondele nilizokuwa nikizivumilia zinanitoa machozi, na jioni ninashindwa hata kupika au kumjibu mdogo wangu akinisemesha. Nilichukua likizo ya wiki mbili nikaenda nyumbani Siaya, lakini nilirudi nimechoka zaidi. Mama anasema huu ni uvivu wa mjini. Je, nina ugonjwa gani, na je, niache kazi?
— Msomaji, Kisumu

JIBU: Pole sana, dada yangu. Mvivu hahuzuniki kwa sababu ya kazi iliyolala, nawe barua yako yote imejaa huzuni hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoidhinishwa mwaka 2019, linaueleza uchovu uliopindukia kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, wala haliuhesabu kuwa ugonjwa. Hata hivyo, unayoyaeleza yanavuka mipaka ya kazi. Unafanana na uchovu wa kiusonji. Mwaka 2020 mtafiti Dora Raymaker na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya uchovu huo uliotokana na maelezo ya watu wazima wenye usonji, wakataja mambo matatu yanayoandamana: uchovu wa kina ambao kwa kawaida huendelea kwa miezi mitatu au zaidi, kupotea kwa uwezo ambao mtu alikuwa nao, na kupungua kwa ustahimilivu wa kelele, mwanga na vichocheo vingine. Chanzo ni mzigo wa maisha unaozidi uwezo wa mtu kwa muda mrefu bila msaada wa kutosha. Sehemu kubwa ya mzigo huo ni kujificha: kujilazimisha kumtazama mteja machoni, kuyapanga maneno kichwani kabla ya kuyatamka, kucheka wenzako wanapocheka, na kutulia kitini ilhali mwili mzima unataka kuondoka. Hiyo ni kazi ya pili, na haina mshahara.

Ndiyo maana likizo yako haikukufaa. Ninavyoyajua maisha ya nyumbani, huenda ulipokea wageni kila siku, ukaulizwa utaolewa lini, ukahudhuria matanga yenye vipaza sauti hadi alfajiri na kumsalimia kila mtu kwa mkono. Ulikuwa mbali na ofisi, lakini kule kujificha kuliendelea, pengine kwa bidii zaidi kuliko kazini.

Kabla ya lolote, nenda ukapimwe, kwa maana malaria, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo pia huchosha na kuvuruga umakini. Mweleze daktari kwamba una usonji, na umwombe achunguze kama una sonona vilevile, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu, kwa kuwa hali hizi mbili hufanana na zinaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu mwenye sonona mara nyingi huhimizwa ajishughulishe na kukaa na watu, ilhali wengi wenye uchovu kama wako husema kwamba kuongezewa shughuli na watu kuliwazamisha zaidi. Unaweza kuanzia katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Mawazo ya kujiua yakikujia, nenda siku hiyohiyo, ukisindikizwa na mtu unayemwamini.

Kupona huanza kwa kupunguza, na hapa ninakuomba usijionee haya. Ukifika nyumbani, kaa kwanza bila kusemeshwa, na mwombe mdogo wako akuandikie ujumbe badala yake. Chai na mkate ni chakula cha jioni cha kutosha. Tumia vizibo vya masikio ndani ya matatu. Kama kujitikisa au kurudia jambo unalolipenda hukutuliza, lifanye bila kujizuia ukiwa chumbani mwako. Kukiwa na matanga, toa mchango wako, nenda mchana, usaidie kuosha vyombo kule nyuma, kisha uondoke kabla ya mkesha. Kumweleza mama sayansi yote hii hakutasaidia sana. Shangazi anayekuelewa akizungumza naye, huenda atasikilizwa zaidi.

Kuhusu kazi, usiamue kuiacha ukiwa katika hali hii, kwani kukosa kodi ya nyumba ni mzigo mwingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku 21 za likizo kwa mwaka, na ukiwa na cheti cha daktari, angalau siku saba za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara. Sheria hiyo pia inakataza ubaguzi kwa msingi wa ulemavu. Ukitaka, unaweza kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ingawa najua kwamba si kila mtu yuko tayari kujitambulisha hivyo. Andika barua fupi kwa mwajiri, uombe mambo machache yanayowezekana: meza iliyo mbali na kaunta ya wateja, maagizo yaandikwe badala ya kupigiwa kelele kutoka stoo, na ruhusa ya kula peke yako. Weka nakala ya barua hiyo. Akikataa bila sababu, ipeleke kwa afisa wa leba. Akikubali, jipe miezi kadhaa chini ya utaratibu huo mpya, ndipo ulitafakari upya suala la kuacha kazi.