Riwaya za miungu kwa mtoto wa P6 (darasa la sita), nichague vipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 11, yuko P6, anapenda sana riwaya za miungu na mazimwi. Dukani naona majalada yote yanafanana, tena naogopa asije akazoea mambo ya uchawi. Nichague vipi? Mama, Bombo, Uganda.

Jibu: Marahaba mama, umefanya vizuri kuuliza kabla hujanunua. Mimi ni mkutubi wa shule na cha kwanza ninachoangalia ni umri wa shujaa, kwa sababu mara nyingi unakaribiana na wa msomaji aliyelengwa. The Lightning Thief ya Rick Riordan (2005), ile ya miungu ya Wagiriki, shujaa ana miaka 12, hiyo mpe tu. Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018) imetoka kwenye orisha, yaani miungu ya Wayoruba, na ni nzuri kweli, ila mauaji na mateso ni mengi mno, mwekee mpaka afike sekondari.

Sasa hilo la uchawi. Usihukumu kwa neno, soma uone kama nguvu zenyewe zina mwiko na zina gharama. Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011), ya Nigeria, jina litakushtua, lakini mle ndani pesa ya wenye nguvu hizo inadondoka pale mtu anapojifunza kitu kipya, na anayevunja sheria anaadhibiwa. Kuna muuaji wa watoto humo kwa hiyo someni pamoja.

Na kabla ya zote hizo msimulie Kintu na Nambi, ile hadithi ya Waganda ya mtu wa kwanza na mkewe aliyetoka mbinguni, tafadhali sana, maana mwiko ndo umebeba hadithi nzima: Ggulu, baba yake Nambi kule mbinguni, kawakataza wasirudi, Nambi akarudi kuchukua nafaka ya ulezi ya kuku wake, kaka yake Walumbe, ambaye ndiye kifo, akamfuata na kifo kikaja nae. Mtoto anayeijua hiyo akikutana na miungu ya Wagiriki hapotei, anauliza mwenyewe hapa mwiko uko wapi.

Kiingereza pia kipime hapohapo dukani, asome ukurasa mmoja wa katikati na akunje kidole kwa kila neno asilolijua, vikifika vitano basi kitabu bado kigumu kwake, mnaweza kukisoma wawili.

Juzi nilisimulia darasani vile Kayikuuzi, kaka mwingine wa Nambi, alimfukuza Walumbe mpaka akazama ardhini kule Ttanda, kijana mmoja akaja baadae mezani kwangu, kimyakimya, akaniuliza kama bado yuko huko chini. Nikampa Riordan siku ileile.