Lida gani kwa breidi nyembamba? Kwa anayekwenda Naivasha kuvua bass

Ssebo nimeona swali lako, una breidi (mshipi wa kusukwa) ya paundi 10, yaani nguvu yake kabla ya kukatika, na rodi nyepesi, unavuka mpaka kwenda Ziwa Naivasha, Kenya, kutafuta bass, unauliza ufunge lida gani, kile kipande cha mshipi mwingine kati ya breidi na chambo, na jamaa wa dukani Kampala amekwambia bila floro (mshipi wa fluorokaboni) ya bei kali usijisumbue, nailoni ni ya watoto. Mi ntakujibu kwa nilivyoona mwenyewe. Bass nimewavua hukohuko Naivasha, walipelekwa pale toka Marekani mwaka 1929, manake sisi huku Uganda wetu ni mputa (sangara), ngege (sato) na kisinja. Ila mshipi mwembamba nautumia zaidi hapa Jinja na upande wa Entebbe kwa mputa wadogo wa kuvua na kurudisha, na habari ya lida hao wamenifundisha kuliko bass.

Jibu la haraka: floro ya paundi 8, urefu kama wa rodi yako, fundo la FG, lile jembamba la kuungia breidi na lida. Chambo cha kuelea juu ya maji, funga nailoni. Sababu ndo ndefu.

Breidi ni nyuzi za polithini ngumu zilizosukwa, kwa unene wake ukiivuta ina nguvu ya ajabu, lakini ikikaza halafu ikagusa jiwe nyuzi zinakatika mojamoja na we huoni kitu mpaka samaki anaondoka na chambo. Mputa hana meno ya kukata kama ngassa (tigerfish) wa Ziwa Albert, mdomo wake ni msasa mtupu, na kifuniko cha mashavu kina miiba na makali, akigeuza kichwa mara mbili tatu breidi imekwisha. Bass naye mdomo ni wa hivyohivyo, ila mashavu yake hayana ukali huo. Kwa hiyo lida kazi yake ya kwanza ni kusuguliwa. Ya pili, breidi ni laini mno, inajizungusha kwenye ndoano za chambo ukirusha kukiwa na upepo, kipande kigumu kidogo pale mbele kinaondoa hiyo kero.

Sasa ile hadithi ya dukani kwamba floro haionekani. Kwenye karatasi ni kweli, maji yanapinda mwanga kwa 1.33, floro kama 1.42, nailoni kama 1.53, yaani floro iko karibu zaidi na maji. Lakini we umeyaona maji ya Entebbe yalivyo kijani? Na Naivasha nako mara nyingi ni ya vumbivumbi. Nimebadilisha floro na nailoni siku hiyohiyo, mahali palepale, chambo kilekile, bass walikula tu. Hawa Wajapani na Wamarekani wa magharibi waliozoesha watu mishipi myembamba wana maziwa ya maji meupe, samaki anaona mbali, huko ntakubali mtu ahangaike na kuonekana. Kwa maji yetu mi siwezi kulipa hela ya ziada kwa sababu hiyo peke yake.

Ninacholipia floro ni kingine. Ni nzito, 1.78 ukilinganisha na maji, nailoni ni 1.14 tu na breidi yenyewe inaelea, kwa hiyo ukitupa kifunza cha plastiki na chubwi kadogo, floro inakipeleka chini na mshipi unabaki umenyooka, unasikia samaki akigusa. Halafu floro hainywi maji. Nailoni inakunywa, ikishalowa inapoteza nguvu kidogo na kuvutika kunazidi. Huko kuvutika wengine wanakupenda, na mimi pia nakupenda saa ingine, manake breidi karibu haivutiki na rodi ngumu ikimpiga samaki karibu na boti ndoano inapasua mdomo. Na huo uzito wa floro ndo unaoharibu chambo cha juu, kinazamisha pua badala ya kutembea vizuri, ndo maana nasema pale nailoni. Kwa hiyo huyo wa "nailoni ni ya watoto" msamehe tu, ana mzigo wa kuuza.

Paundi ngapi? Hapa watu wanakosea kwa kusoma lebo. Breidi nyingi zilizoandikwa 10 ukizipima zinakatikia juu zaidi, we soma milimita. Kama spuli imeandikwa kwa Kijapani PE 0.8, ile namba yao ya unene, hiyo ni kama 0.148 mm, PE 1 ni 0.165. Floro ya paundi 8 iwe kama 0.235, ukiona imeandikwa 8 na ni nene kama mshipi wa ngege jua kuna uongo mahali. Lida iwe dhaifu kuliko breidi, kwa makusudi, ili ukinasa chini ikatike karibu na ndoano na si huko kwenye rili ukaacha nusu ya breidi ziwani, na hiyo breidi inabaki inafunga ndege na mapangaboi ya watu. Ila Naivasha ziwa limepanda, kuna migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, na bass anapenda kujificha palepale. Ukivua humo panda 10 au 12 hata kama inafikia breidi, usione haya. Kwenye maji wazi na pembeni ya mafunjo 8 inatosha, 6 ni ya siku samaki wamegoma kabisa.

Urefu, watu wanabishana. Mi naweka mrefu kwa sababu kila nikibadilisha chambo nakata kipande, na FG ni jembamba linapita kwenye pete za rodi bila kugonga. Ukifunga fundo la yuni mbili, fupisha lida ibaki nje ya pete, urefu wa mkono hivi, manake rodi nyepesi pete zake ni ndogo na fundo lile lina kichwa. FG jifunze nyumbani, zungusha breidi mara 18 au 20 ukipishanisha juu na chini huku lida imekazwa, lowesha kwa mate, vuta taratibu mpaka breidi ibadilike rangi, ndo ufunge vifundo vya kumalizia. Ukivuta kavu floro inaungua kwa joto la msuguano na itakatikia hapohapo, halafu watu wanalaumu lida. Kwenye boti huku mwendeshaji anakuhamisha kila saa kwa ajili ya viboko, huwezi kujifunza kitu.

Breki ya rili iachie kwenye robo ya nguvu ya lida, kwa 8 ni kama paundi 2.

Seti hiyohiyo ukirudi nayo ni nzuri kwa mputa wadogo kwenye mawe, lida ipande tu mpaka 20 kwa ajili ya ule msasa wa mdomo. Wa chini ya inchi 20 rudisha majini, sheria haiulizi ulimvua kwa rodi au kwa kokoro. Maporomoko ya Murchison, kwenye Nile, usiende nayo kabisa, kule ni lida ya 80 na zaidi, na kama kuna ngassa, waya.

Ukinunua, chukua floro ya 8 ya spuli kubwa, ile ya kujaza rili nzima, si lazima kile kispuli kidogo kilichoandikwa lida, ukihesabu kwa mita mara nyingi ni nafuu. Nailoni uliyonayo nyumbani beba, ila kama imekaa dirishani juani kata mita kadhaa za juu kwanza, jua linaila. Hiyo utaifungia chambo cha juu alfajiri kabla upepo haujaanza.