Re: Kenya ilijitoa ICJ, kwa nini hukumu ya bahari bado inaifunga?

Salaam ndugu. Umeuliza hukumu ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya inaifungaje Kenya wakati ilishaondoa tamko lake la kukubali mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ).

Anza na tarehe, usianze na hoja. Somalia ilifungua shauri tarehe 28 Agosti 2014. Siku hiyo tamko la Kenya la mwaka 1965 chini ya ibara ya 36(2) ya Sheria ya Mahakama hiyo (Statute), inayoruhusu nchi kukubali mamlaka yake mapema, lilikuwa hai, na la Somalia la 1963 pia. Kenya iliondoa lake Septemba 2021, wiki chache tu kabla ya hukumu ya 12 Oktoba. Mamlaka hupimwa siku shauri linapofunguliwa. Tamko likiondolewa baadaye, kuondolewa huko kunazuia mashauri mapya tu.

Pili, soma masharti yaliyomo kwenye tamko. Hapo ndipo wengi huteleza. La Kenya lilitenga migogoro ambayo pande zimekubaliana kuimaliza kwa njia nyingine, na Kenya ikaegemea hati yake ya maelewano na Somalia ya 2009, aya ya 6. Februari 2017 Mahakama ilikataa: aya ile haikuweka njia ya kumaliza mgogoro. Hoja yake nyingine, kwamba mkataba wa sheria ya bahari una njia zake za kumaliza migogoro, nayo ikaanguka.

Kenya kususia vikao vya Machi 2021 hakukusaidia (ibara ya 53 ya Sheria hiyo: upande mmoja usipofika, shauri laweza kuendelea).

Utekelezaji ni suala jingine: ibara ya 94 ya Mkataba wa UM inakupeleka Baraza la Usalama, na huko ni siasa.