Kabla hujaimpoti WSDL kwenye Web Dynpro, soma hapa

Web Dynpro ni teknolojia ya SAP ya kutengeneza skrini za apu, hapa naongelea ile ya Java, na WSDL ni faili la XML linaloeleza sevisi ya wavuti inaitwaje, inapokea nini na inarudisha nini. Vijana wanaoanza SAP wengi nawaona wanafanya hivi, mtu anafungua NetWeaver Developer Studio (programu ya SAP ya kuandikia kodi ya Java), anabandika linki ya WSDL kwenye Adaptive Web Service Model (modeli inayounganisha apu na sevisi), anabonyeza Next mpaka Finish, halafu siku ya kupeleka kitu production (seva inayotumiwa na watumiaji halisi) ndo analia eti kwangu ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi ndio, kwa sababu ile WSDL ina mstari wa soap:address na pale imeandikwa anwani ya seva ya test, sasa apu imeshikilia hiyo hiyo.

Kwenye ile wizadi kuna sehemu ya destinesheni (jina linaloelekeza kwenye anwani ya seva), usiiruke hata kama una haraka. Weka mbili, moja ya kusoma WSDL yenyewe na nyingine ya kuita sevisi. Wewe unazipa majina tu, anwani na user na paswedi jamaa wa Basis (msimamizi wa seva za SAP) ataziweka kwenye kila seva, Java yako haiguswi tena.

Ila kabla ya yote hayo ifungue WSDL kwenye brauza uisome, jamani ni XML tu haing'ati. Angalia kama kuna xsd:import (mstari unaovuta faili lingine la maelezo ya data) inayoelekea kwenye hosti ambayo mashine yako haiioni, maana hapo impoti itafeli na meseji ya erro haitakusaidia kitu. Ukiona maxOccurs="unbounded" ujue hiyo itakuja kama orodha, so nodi yake kwenye konteksti (hifadhi ya data za skrini) ni 0..n, yaani sifuri au zaidi. Halafu itume rikwesti moja kwa SoapUI (programu ya kujaribu sevisi), ikigoma huko hata Web Dynpro itagoma, bora umrudie mwenye sevisi mapema.

Wengine watasema hii teknolojia ya kizee, sawa, ila NetWeaver 7.5, jukwaa la SAP ambalo Web Dynpro inakaa juu yake, ina sapoti ya kawaida mpaka mwisho wa 2027 na kazi bado zipo.

Wenye sevisi wakibadilisha kitu usifute modeli ukaanza upya, bonyeza kulia ufanye reimpoti, kisha pitia mapping zako za konteksti (viunganisho vya data kati ya modeli na skrini) moja moja. Na ukishaita execute(), ile inayotuma rikwesti kwa sevisi, fanya invalidate() kwenye nodi ya rispons ili isome data upya, usipofanya hivyo skrini inabaki na data za zamani na utakesha unatafuta kosa kwenye sevisi ambayo haina shida yoyote.