Kalamu Nyekundu: "Amefanya Kazi ya Bure"

Barua za toleo hili karibu zote zinahusu jambo moja: majibu ya mitihani ya sayansi yanayomfanya msahihishaji aweke kalamu chini, acheke kwanza. Tumechagua zile zenye swali ndani yake. Zilizokuja na vichekesho vitupu tumezisoma, tumecheka, tumeziweka kando.

Swali la fizikia lilikuwa hivi: "Mtu anausukuma ukuta kwa kani ya nyutoni 300 kwa dakika 10. Ukuta hausogei. Amefanya kazi kiasi gani?" (alama 3). Mwanafunzi kaandika: "Amefanya kazi ya bure." Wenzangu wawili wanataka apewe alama, mimi nasita. Mnasemaje?
*Msahihishaji mpya*

Una haki ya kusita. Jibu ni tamu na lina ukweli wake, ila msahihishaji hulipa kilichoandikwa, halipi alichokidhania. Fungua mwongozo wa usahihishaji. Kwa swali la namna hii alama hugawanywa hivi: moja ya kanuni (kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kufuata upande wa kani), moja ya kuonesha kwamba umbali ni sifuri, na moja ya jibu lenye kizio chake, yaani jouli 0. "Kazi ya bure" haitaji umbali wala jouli. Hana alama. Angeongeza maneno matatu tu, "maana ukuta haukusogea", angejipatia ile ya pili bila ubishi.

Sasa rudi kwenye rundo lako uwahesabu walioandika jouli 3,000. Hao ndio wa kuhuzunisha, japo hakuna anayewacheka kwa kuwa majibu yao yamevaa suti. Wameona 300, wameona 10, wamezidisha. Wamezidisha kani kwa muda, tena muda wa dakika, wakabandika kizio cha kazi mwishoni. Mcheshi wetu angalau ameuona ukuta umesimama pale pale.

Chanzo cha mkanganyiko ni neno lenyewe. Mtaani kazi ni jasho. Aliyesukuma dakika 10 katoka jasho, mikono inatetemeka, halafu fizikia inamwambia hakufanya kitu! Mwanafunzi anastahili kuelezwa hilo jasho limetoka wapi: misuli iliyokazwa huendelea kutumia nishati ya kikemia, nishati hiyo inageuka joto ndani ya mwili, na ukuta haupokei hata jouli moja kwa njia ya kusogezwa. Bila maelezo hayo atakariri "sifuri" leo na wiki ijayo ataandika 3,000.

Mazoezi ya kurudia yawe mawili kwa mpigo. Kwanza ukuta usiosogea. Kisha kabati linalosogea sentimita 2 kwa kani ile ile: 300 × 0.02 = jouli 6. Atakayepata 600 hajabadili sentimita kuwa mita, na hilo ni kosa jingine kabisa, la kusahihishwa peke yake.

"Taja sifa mbili za gesi." Jibu: "Haina adabu. Hujaa chumba kizima bila kualikwa."
*Mwalimu wa kemia*

Mpe alama moja. Ondoa "bila kualikwa" na kilichobaki ni sayansi safi: gesi husambaa ikajaza chombo chote ilimo. "Haina adabu" haina kitu. Angeandika "haina umbo" angezoa zote mbili. Na kama karatasi yako ilisema "tabia" badala ya "sifa za kifizikia", adabu umeiita mwenyewe.

Swali: "Kwa nini uzito wa mtu hupungua akiwa mwezini?" Jibu: "Kwa sababu huko hakuna chakula." Huu ni utani au mtoto haelewi?
*Mzazi*

Mzazi mwenzetu, inawezekana hata si utani. Kwa mtoto, kupungua uzito ni kukonda, na watu hukonda wakikosa chakula. Amejibu kwa akili timamu swali ambalo hakuulizwa. Kinachokosekana ni kutenganisha tungamo na uzito. Tungamo ni kiasi cha maada, hupimwa kwa kilo, na haibadiliki kwa safari. Uzito ni kani ya mvutano juu ya tungamo hiyo, hupimwa kwa nyutoni. Duniani kila kilo huvutwa kwa nyutoni 9.8, mwezini kwa 1.6 hivi. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 588 hapa na nyutoni 96 kule, na nguo zake zinamtosha vile vile.

Lugha ya kila siku haimsaidii, maana sote husema "uzito wangu ni kilo 60". Njia inayofanya kazi haraka ni kumpa jiwe la kilo 2 na mizani mbili za kufikirika. Mizani ya springi iliyoandikwa nyutoni itasoma 19.6 duniani na 3.2 mwezini. Mizani ya vikombe viwili, yenye jiwe upande mmoja na mawe ya kupimia upande wa pili, italala sawa kwenye kilo 2 pote pawili, kwa kuwa mwezi unavuta vikombe vyote kwa kipimo kimoja. Mwachie aeleze mwenyewe kwa nini mizani moja imebadilika na nyingine haikubadilika. Akiweza, chakula hakitarudi kwenye karatasi yake.

"Taja tofauti mbili kati ya ateri na veni." Jibu: "Ateri ina herufi tano, veni ina nne. Ateri inaanza na irabu, veni inaanza na konsonanti." Tofauti ni mbili na zote za kweli. Nimnyime kwa msingi gani?
*Mwalimu wa biolojia*

Kwa msingi kwamba mtihani ulikuwa wa mishipa ya damu, si wa imla. Mnyime kwa amani. Kisha ulitazame swali, kwani mlango uliuacha wazi. "Taja tofauti" haisemi tofauti ya nini. Liandike upya: "Linganisha ateri na veni kwa kuzingatia unene wa kuta, upana wa nafasi ya ndani na kuwepo kwa vali." Hapo hapana pa kupenya. Ateri ina kuta nene zenye misuli na nyuzi za kunyumbuka, na nafasi yake ya ndani ni nyembamba. Veni ina kuta nyembamba, nafasi pana, na vali njiani zinazozuia damu isirudi nyuma. Dai pande zote mbili ziandikwe. "Ateri ina kuta nene", nukta, si tofauti bado.

Kuna jibu moja la kukariri linalotuudhi kuliko lile la herufi: "Ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi, veni hubeba yenye kidogo." Ateri ya mapafu hutoa moyoni damu yenye oksijeni kidogo na kuipeleka mapafuni, na veni za mapafu hurudisha iliyojaa oksijeni. Kinachosimama daima ni uelekeo: ateri hutoka moyoni, veni hurudi moyoni. Kwa hiyo mcheshi kaandika kweli mbili zisizohitajika, na mkariri kaandika uongo mmoja unaopewa alama.

Kile kisa cha mwanafunzi aliyeulizwa atapimaje urefu wa jengo kwa kutumia barometa (chombo cha kupima kanieneo, yaani msukumo wa hewa), akajibu kwamba ataifunga kamba na kuishusha kutoka paani, ni kweli kilimtokea Niels Bohr, yule mwanafizikia mashuhuri wa Denmark?
*Msomaji*

Hapana. Kisa hicho kilipata umaarufu kwa makala ya Alexander Calandra, mwalimu wa fizikia wa Marekani, iliyotoka katika jarida la Saturday Review mwaka 1968, na mwanafunzi hakutajwa jina. Bohr alibandikwa baadaye. Visa vitamu hupenda kujitafutia mwenyewe mashuhuri.

Sisi kinatuvutia kwa sababu ya hesabu yake. Jibu lililotarajiwa ni kusoma kanieneo chini na paani, kisha kupata urefu kutokana na tofauti. Chukua jengo la mita 30. Hewa ya karibu na ardhi ina densiti ya kilo 1.2 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo kanieneo hupungua karibu paskali 12 kila unapopanda mita moja. Kutoka chini hadi paani tofauti ni kama paskali 353, sawa na milimita 2.6 za safu ya zebaki kwenye barometa. Kama barometa yako inasomeka hadi milimita nzima tu, utaona 2 au utaona 3, na kila milimita ni zaidi ya mita 11 za hewa. Utatangaza kwamba jengo lina mita 23, au 34. Njia "sahihi" ya mwongozo imekukosesha ghorofa mbili!

Wanaosema barometa idondoshwe kutoka juu na muda upimwe nao hawako salama. Mita 30 huchukua sekunde 2.5 hivi, na ukichelewa sekunde 0.2 kubonyeza saa umekosea mita 5. (Na tafadhali, barometa ya zebaki isidondoshwe popote, zebaki ni sumu.) Kamba? Ikiwa haivutiki, utakosea sentimita chache. Jibu lililochekwa ndilo lenye kipimo bora kuliko yote.

Mtungaji aliyetaka kanieneo alipaswa kuitaja: "Eleza namna tofauti ya kanieneo ya hewa kati ya chini na juu ya jengo inavyotumika kukadiria urefu wake. Onesha kanuni." Alama ziende kwenye vipimo viwili, kutoa kimoja kwa kingine, na kugawanya kwa densiti mara mvutano. Hapo kamba inabaki dukani.

Nikikwama naandika utani kuliko kuacha wazi. Msahihishaji akicheka si ananihurumia?
*Mwanafunzi*

Atacheka, atapiga mstari, atageuza ukurasa. Huruma haimo kwenye mwongozo.

Ila usiache wazi pia. Swali la hesabu liandikie kanuni, data ulizopewa na vizio vyake. Mara nyingi kanuni peke yake ina alama. Swali la maelezo lichoree mchoro wenye majina ya sehemu. Ukiulizwa namna ya kutambua hidrojeni ndani ya neli, usiandike "namuuliza mwalimu aliyeijaza", ingawa tunakubali ni njia ya haraka. Andika kijiti kinachowaka, na mlio wa "po!". Ukikumbuka kijiti ukasahau mlio, umepata nusu. Angalia tu usiandike kijiti chenye kaa jekundu, kwani hicho ni cha oksijeni, ambayo hukifanya kiwake upya, na hapo unapoteza zote.

Wengine hujaza majibu manne pale yanapotakiwa mawili, wakitumaini msahihishaji atachagua mazuri. Miongozo mingi humruhusu asome mawili ya kwanza tu, na jibu sahihi likipingwa na lisilo sahihi mbele yake hufutika. Utani uliokaa kando ya jibu sahihi bila kulipinga haukuondolei kitu. Umekula muda wako tu.

Kwenye jedwali la majibu mwanafunzi kaandika kwamba baiskeli ilienda mita 64.8 kwa sekunde, na kwa sekunde 20 ikafika mita 1,296. Nikate zote?
*Msahihishaji wa fizikia*

Bila shaka swali lilisema kilomita 18 kwa saa. Alitakiwa agawanye kwa 3.6 apate mita 5 kwa sekunde, yeye kazidisha. Baiskeli yake sasa inakimbia kilomita 233 kwa saa, na mpandaji hajaacha hata kofia nyuma.

Usikate zote. Kata pale pa kubadili vizio. Kuzidisha kasi kwa muda kulikofuata ni sahihi kwa namba aliyonayo, hivyo alama ya njia ni yake. Ile ya jibu la mwisho, mita 100, anaikosa pia, isipokuwa mwongozo wako unaruhusu kosa lifuatwe hadi mwisho. Soma ukurasa wa kwanza wa mwongozo kabla hujaanza rundo, usisubiri ufike katikati.

Ukirudi darasani, usimpe kanuni mpya. Mpe kilomita 18 avunje mwenyewe: mita 18,000, sekunde 3,600. Akishaona mita 18,000 zinagawanywa kwa sekunde 3,600, hazidishi tena. Na kila jibu aliweke kando ya kitu anachokijua: mtu anayetembea huenda mita 1.4 hivi kwa sekunde. Baiskeli inayomzidi mara 46 ingemshtua kabla hajakabidhi karatasi.

Naweza kupiga picha jibu lililonichekesha niwarushie walimu wenzangu?
*Msahihishaji mpya (yule yule)*

Kama ni mtihani rasmi, hapana. Karatasi ni siri na namba ya mtahiniwa imo juu yake. Kama ni jaribio la darasani, subiri karatasi zirudishwe, muombe mwenyewe ruhusa, kisha nakili jibu kwa mkono wako. Kukata jina kwenye picha hakutoshi, maana mwandiko hujulikana na darasa zima. Na unakili swali pia, neno kwa neno, wenzako waone kama nalo linahitaji kuandikwa upya.