Pengo la mishahara: jua kwanza unabishania asilimia ipi

Msomaji mmoja wa Mbarara, Uganda, ameniandikia kwamba bosi wao ametangaza kikaoni kuwa pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake ni uzushi, maana ngazi za mshahara ni zile zile kwa wote. Anataka la kumjibu. Jibu lipo, ila linahitaji kalamu na karatasi.

Tuchukue ofisi ya mfano. Wanaume ni wanne: mkurugenzi wa shilingi 6,000,000 kwa mwezi, wahasibu wawili wa 1,500,000 kila mmoja, na dereva wa 600,000. Wanawake nao wanne: wahasibu wawili wa 1,400,000 kila mmoja na wasafishaji wawili wa 400,000. Wastani wa wanaume ni 2,400,000, wa wanawake 900,000. Toa, kisha gawanya kwa ule wa wanaume: pengo ni asilimia 62.5. Ukiwapanga kutoka wa chini hadi wa juu na kuchukua kiwango cha katikati, yaani wastani wa wawili wa katikati, unapata 1,500,000 na 900,000, yaani asilimia 40. Ukilinganisha wahasibu peke yao, ni asilimia 6.7.

Zote tatu ni sahihi. Ubishi unaharibika pale mtu anapoishika moja kuzima nyingine. Ile 62.5, ambayo mkurugenzi mmoja ameivuta juu, inaonyesha nani amepewa kiti kikubwa na nani amepewa fagio. Ile 6.7 inaonyesha watu wa kazi moja wanaolipwa tofauti, na hapo ndipo sheria inapobana. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 40, inadai malipo sawa kwa kazi sawa. Sheria ya Ajira ya 2006 inakwenda mbali zaidi: inasema kazi yenye thamani sawa, hata kama majina ya vyeo hayafanani. Wengi hawalijui hilo, na inauma kuona haki iliyoandikwa ikikaa bure.

Sasa turudi kwa bosi. Ngazi moja haitoshi, kwa sababu pengo hujificha kwenye posho za safari, mafuta, malipo ya saa za ziada, na hatua ambayo kila mtu alianzia siku ya kuajiriwa. Kwa hiyo linganisha mshahara ghafi, ule wa kabla ya makato, si wa mkononi, kwani makato ya mkopo na ya SACCO (chama cha akiba na mikopo) huvuruga hesabu. Jumlisha posho zote za miezi 12, halafu gawanya kwa saa zilizofanywa. Hati ya mshahara ikikosekana, tumia taarifa ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mwajiri hutoa asilimia 10, mfanyakazi 5, hivyo mchango wa 150,000 ukigawanywa kwa 0.15 unaonyesha mshahara wa 1,000,000. Ikitoka pungufu ya unacholipwa, kuna malipo hayakutajwa, na hilo nalo ni shauri.

Chunguzeni pia kanuni zisizotaja jinsia. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4, wa sanaa wakagoma. Agizo halikutaja mwanamke popote. Ila hesabu ni wanawake wangapi wanafundisha fizikia kwenye shule yako.

Ukishapata takwimu, mwandikie mwajiri kwanza, ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Akinyamaza, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya na nakala hiyo pamoja na jedwali lako.